Risasi za 9mm zimelowa maji ya mafuriko, bado ni za kuaminika?

Wakuu, heshima kwenu.

Namiliki bastola ya 9mm kihalali, leseni iko hai. Mvua za juzi maji yaliingia ndani, na boksi la risasi likalala majini usiku kucha. Bastola nimeshaifungua, nikaikausha na kuipaka mafuta, hiyo hainisumbui. Shida ni risasi.

Ninavyofahamu, risasi za kiwandani hubanwa vizuri, na zile za kijeshi mara nyingi hupakwa vanishi kuzunguka praima (kile kifuniko kidogo kitakoni mwa risasi kinachowasha baruti) na mdomo wa ganda ili maji yasiifikie baruti. Huenda nyingi zikalia kama kawaida. Ila kwa macho huwezi kujua ipi imeingiza unyevu. Isipolia, nitaelekeza mtutu sehemu salama na kusubiri, maana inaweza kuchelewa kulipuka. Ninayoiogopa hasa ni ile inayolia kinyonge, kichwa cha risasi kikanasa ndani ya mtutu, halafu ukafyatua nyingine nyuma yake. Hapo mtutu unaweza kukupasukia mkononi.

Jamaa mmoja kaniambia nizianike juani kisha nizipulizie mafuta ya kulegeza kutu. Nina mashaka, maana mafuta hayo yanapenya na yanaweza kuua praima yenyewe.

Waliopitia hili, hasa walinzi na wastaafu wa majeshi: mlizimalizia kwenye mazoezi ya shabaha, au mlizipeleka polisi ziharibiwe? Na polisi wakizipokea, wanakuandikia nini ili ununue nyingine? Bei ya risasi mnaijua wenyewe.