Neelix wa "Star Trek: Voyager": anawachosha watazamaji wote, au ni mimi peke yangu?

Mtazamaji wa Nguba (Bukavu)

Ndugu zangu, nawasalimu. Mimi na mdogo wangu tunaitazama "Star Trek: Voyager" katika sauti za Kifaransa, na tumefika katikati ya msimu wa 2. Tamthilia yenyewe inanivutia sana. Chombo cha anga kinatupwa umbali wa miaka ya nuru 70,000 kutoka kwao, nahodha Janeway anajua kwamba safari ya kurudi itachukua takriban miaka 75, na humo ndani wanalazimika kuishi pamoja maofisa na waasi ambao jana yake walikuwa wakiwindana. Lakini kila mambo yanapoanza kukolea, anaingia Neelix na sufuria yake.

Kwa asiyemfahamu, huyu ni Mtalaxia, yaani mtu wa sayari ya Talax, mchuuzi wa vyuma chakavu, ambaye anachukuliwa chomboni katika kipindi cha kwanza ili awaonyeshe wenzake njia, kisha anajipa mwenyewe kazi ya upishi na ile ya kuwachangamsha mabaharia. Hucheka kabla ya wengine, huingilia mazungumzo yasiyomhusu, humfuatafuata Tuvok, ofisa wa usalama wa jamii ya Wavulkani wanaozuia hisia zao, akimwita "Bwana Mvulkani", na hutia mzizi wa leola karibu katika kila chungu ingawa walaji hukunja nyuso. Mdogo wangu anasema nimezeeka. Naomba kuuliza: mhusika aliyewekwa ili achekeshe asipochekesha, lawama ni ya mwigizaji, ya waandishi, au ya mtazamaji? Na je, huko mbele anabadilika, au niwe ninaziruka sehemu zake?

Kijana wa Kadutu (Bukavu)

Yaya, hujazeeka. Hata hivyo, mwigizaji mwondolee lawama. Ethan Phillips amefunikwa uso mzima kwa kinyago cha mpira, amebakiwa na macho na sauti tu, na bado unajua wakati wowote Neelix anahisi nini. Tatizo ni yale aliyopewa kuyatenda.

Kinachoniudhi mimi si mapishi, ni wivu. Neelix ana mpenzi, Kes, binti wa watu ambao maisha yao yote ni miaka tisa hivi, naye anamlinda kana kwamba ni mzigo wake wa sokoni: nani amemtazama, nani amecheka naye, kwa nini rubani Paris amesimama karibu naye. Katika msimu huo wa 2 wanafikia kupigana wakirushiana tambi katika chumba cha kulia. Tunatarajiwa tucheke, kisha tuwaonee huruma, kisha tufurahi wanapopatana, na katika hayo yote hakuna anayemuuliza Kes anataka nini. Ukitoa muziki wa kuchekesha katika matukio hayo, kinachobaki ni mwanaume anayemchunga mwanamke. Penzi lenyewe linaishia msimu wa 3, tena bila maelezo ya kutosha, na kuanzia hapo Neelix anavumilika.

Tusisahau pia jibini. Mwishoni mwa msimu wa 1 anatengeneza jibini, na vimelea vyake vinaambukiza vile vifuko vya jeli vyenye chembe za neva ambavyo vinaendesha kompyuta, hadi chombo kizima kinapandishwa joto kama mgonjwa wa homa ili kipone. Sisi wa Kivu tunaokula jibini ya Masisi tangu utotoni hatuwezi kulisamehe jambo hilo kwa urahisi.

Mpishi wa Himbi (Goma)

Vijana, mnamwonea. Kabla ya kumcheka kwa sababu ya chungu, ulizeni chungu kimefikaje pale. Mashine ya kuunda chakula inatumia nishati, nishati ni haba, na kila baharia ana mgao wake. Bila mtu wa kupika mboga zinazopandwa humo chomboni, watu wangemaliza mgao kwa kahawa, kama nahodha mwenyewe anavyokaribia kufanya. Kwa hiyo kazi yake ina maana, na ninyi mnaosema hana faida hamjawahi kulisha watu zaidi ya mia moja wenye ndimi tofauti kwa kutumia mzizi wa aina moja.

La pili ni zito zaidi. Mtazamaji wa Nguba, bila shaka umekwishaona kipindi cha "Jetrel" cha mwaka 1995. Mwanasayansi wa Wahaakonia, maadui wa Watalaxia vitani, alibuni silaha iliyoua watu zaidi ya 300,000 kwenye Rinax, mwezi unaoizunguka Talax, na miongoni mwao walikuwa jamaa zake Neelix. Yeye mwenyewe aliponea kwenye sayari ya Talax alikokuwa amejificha ili asiende vitani, na aibu hiyo hakuwahi kumwambia mtu. Baada ya kujua hilo, kicheko chake kinasikika tofauti. Huyu ni mtu ambaye akinyamaza atasikia mambo asiyotaka kuyasikia. Halafu msubirini katika "Mortal Coil", msimu wa 4: anakufa, anafufuliwa baada ya karibu saa 19, na anagundua kwamba hakuuona ule Msitu Mkuu ambao imani ya watu wake inasema jamaa humngojea marehemu huko. Anafikia kutaka kujiua, na hakuna mzaha mle ndani.

Mwalimu wa Fizikia (Bukavu)

Mama mpishi amesema kweli, lakini hoja yake inawatia hatiani waandishi zaidi kuliko inavyowaokoa. Kama walijua tangu mwaka wa kwanza kwamba ndani ya mtu huyu mna Rinax, kwa nini kipindi kilichofuata walimrudisha kwenye sufuria kana kwamba hakuna kilichotokea? Vivyo hivyo baada ya "Mortal Coil".

Mimi naona jambo jingine, na ndilo jibu langu kwa swali la msingi. Mlinganisheni na Daktari wa hologramu, yaani mtu wa mwanga aliyeundwa na kompyuta, anayeigizwa na Robert Picardo. Naye amewekwa kuchekesha, naye ana majivuno na maneno mengi, lakini hamchoshi mtu, kwa sababu wenzake humjibu: humkatiza, humkejeli, na mara nyingine humzima kabisa akiwa katikati ya sentensi. Neelix hakatazwi. Mabaharia hutabasamu kwa adabu, hula nusu sahani, huondoka, na uchovu wanaouficha wao tunaubeba sisi watazamaji. Ndiyo maana matukio yake bora karibu yote ni pamoja na Tuvok, mtu pekee ambaye humwambia hapana usoni bila kupepesa macho. Waandishi wenyewe walilijua hilo, maana katika "Meld", ambacho utakifikia karibuni, Tuvok anaunda Neelix wa hologramu na kumkaba koo, na nakiri kwamba darasa langu lote la jioni lilipiga makofi.

Kuna pia suala la kazi. Aliletwa awe mwonyesha njia, lakini chombo kinasonga mbele, na katika "Fair Trade", msimu wa 3, wanafika eneo ambalo hata yeye halijui. Anaogopa kuachwa, kwa hiyo anaingia katika biashara chafu ili apate ramani. Ni wazo zuri sana, na lingeweza kumbeba msimu mzima. Wao walilimaliza kwa kipindi kimoja.

Mtazamaji wa Nguba (Bukavu)

Asanteni sana. Mwalimu, jana niliitazama "Meld" na sitasema kama nilipiga makofi. Nakubali kwamba Tuvok ndiye anayemfanya Neelix aonekane mtu. Lakini Mama, hata nikizingatia mgao wa nishati, mzizi uleule kila siku ni ukaidi. Sasa nieleze: nisiruke vipindi gani?

Mpishi wa Himbi (Goma)

Mwanangu, usiruke "Mortal Coil", na usiruke "Homestead" ya mwaka 2001, ambapo anaagana na chombo ili akaishi na Watalaxia wenzake. Mtazame vizuri mguu wa Tuvok pale kwenye maagano.

Kijana wa Kadutu (Bukavu)

Na "Tuvix", mwishoni mwa msimu huo wa 2. Mashine ya kusafirisha watu inawaunganisha Neelix na Tuvok kuwa mtu mmoja, na huyo mtu mpya anapendeza kuliko Neelix na anapika vizuri zaidi. Ukimaliza, fungua mada mpya kuhusu uamuzi wa Janeway, maana mimi na Mwalimu hatujapatana juu yake hadi leo.