Nimelipa kozi ya siku tano ya ndege ya tanga Ujerumani, nimekaa hewani dakika 53. Hii ni halali kweli?

Assalaam alaykum wadau. Uzi huu ni mrefu na nimeufungua nikiwa na hasira, asiye na muda apite salama.

Kabla hamjaanza na "pesa zilikuwa zinamuwasha": mie ni mwalimu wa skuli, nakaa Michenzani, kwenye haya haya majumba marefu tuliyojengewa kwa msaada wa Wajerumani wa Mashariki. Sina pesa za kuchezea. Nimeweka kidogo kidogo miaka miwili, kwa sababu dada yangu kaolewa Ujerumani na kila akipiga simu ananambia njoo umuone mpwa wako kabla hajaota ndevu. Nikasema nikienda sitakwenda kula viazi tu nikarudi. Tangu nimo kaptula narusha tiara Mnazi Mmoja, na nilichokuwa nakitamani siku zote ni kuwa mie ndiye niliye juu ya ule uzi, si karatasi. Dada akanitafutia klabu. Jina lake siliweki hapa, sitaki kesi.

Tangazo lao lilisema kozi ya wanaoanza, siku tano, miruko ishirini, mafunzo kwa Kiingereza, hatua ya kwanza ya kuelekea leseni. Bei euro 480, yaani kwa pesa zetu milioni moja na laki tatu na ushei. Nikalipa yote mapema, maana bila hivyo nafasi hawakuwekei. Hapo ongeza viza euro 90, bima ya matibabu inayofika euro 30,000, na boti ya kwenda Dar kuweka alama za vidole. Viza nikapewa ya siku 21. Hiyo 21 ishikeni, tutairudia.

Sasa kwa asiyejua. Hii ni ndege isiyo na injini. Wenyewe wanaiita Segelflugzeug, na "Segel" ni tanga, kwa hiyo ni ndege ya tanga, na mtu wa pwani hahitaji kufundishwa kwamba chombo kinaweza kwenda bila mashine. Inarushwa hivi: mwisho wa kiwanja, kama kilomita moja hivi, kuna winchi yenye ngoma la kamba. Kamba inafungwa kwenye tumbo la ndege, winchi inavuta, kufumba na kufumbua uko kasi ya kilomita mia kwa saa na pua imeelekea mbinguni. Ukifika mita 400 hivi unavuta kitasa cha njano, kamba inaachia, kimya. Ni tiara wallahi, tiara tupu, isipokuwa anayekimbia na uzi ni injini.

Ndege yetu ya kujifunzia ilikuwa ASK 21, mwanafunzi mbele, mwalimu nyuma, mabawa mita 17 kutoka ncha hadi ncha. Kimahesabu kila mita moja inayoshuka inakwenda mbele mita 34. Yaani ukiachiwa juu ya Forodhani kwa mita 400, unaipita Bububu na bado uko hewani. Hayo ni mahesabu. Kwa mwanafunzi ni mzunguko mmoja wa kiwanja halafu unatua. Dakika tano. Sita kama mwalimu ana huruma.

Sasa "miruko ishirini" inasikika kama mali, sivyo? Dakika tano mara ishirini ni saa moja na dakika arubaini. Nimefundisha hesabu miaka kumi na moja na hesabu hiyo sikuipiga, kosa langu, nalikubali. Lakini hata hiyo saa moja na dakika arubaini sikuipata.

Jumatatu mawingu yamekaa chini, manyunyu tangu asubuhi. Sawa, mvua ni ya Mungu, simlaumu mtu. Tukaingizwa darasani, mwalimu akasomesha Kijerumani kuanzia saa tatu mpaka adhuhuri. Nikainua mkono, nikasema kwa adabu kwamba tangazo liliahidi Kiingereza. Akatikisa kichwa, akatabasamu, akaendelea na Kijerumani chake. Nilichookota siku ile ni kimoja: kwenye kioo hubandikwa kipande cha uzi wa sufu, na huo ndio unaokwambia kama ndege inakwenda ubavuubavu. Ukilala kulia, kanyaga pedali ya kushoto mpaka usimame katikati. Ndege ya thamani yote ile inafuata uzi wa kufumia kofia! Hilo nililipenda, siwadanganyi.

Halafu wakanipima. Mie kilo 56. Kiti cha mbele kwenye ndege ile hakitaki mtu chini ya kilo 70, parachuti ikiwemo, na parachuti yenyewe haifiki kilo kumi. Wakanifungia vipande vya risasi, madini hayo, si ya bunduki. Watoto wakacheka. Watoto, ndiyo, maana kule mtoto wa miaka 14 anaruhusiwa kurusha peke yake, na nusu ya foleni ilikuwa watoto wa aina hiyo, wanachama, wanaonipita huku wakitafuna biskuti.

Jumanne kukakucha safi. Na hapa ndipo penye hasira yangu, nisikilizeni vizuri.

Ndege hii ikitua hairudi yenyewe. Inabaki huko ilikosimama, na inasukumwa. Tupu tu ina kilo 360. Nani anasukuma? Mimi. Kamba ikianguka, inafuatwa kwa gari bovu lililokatwa paa mpaka kwenye winchi, inarudishwa. Nani anakaa nyuma ya gari kuitazama isijiviringe? Mimi. Bawa linatakiwa mtu alishike lisilale, akimbie nalo hatua chache mpaka lishike upepo. Mimi. Daftari la kuandika saa ya kupaa na saa ya kutua? Mwalimu huyu ana mwandiko mzuri, mpeni yeye. Nilifika uwanjani saa mbili asubuhi. Kule mwezi wa Julai jua linazama saa tatu na nusu usiku, na hao watu hawaondoki mpaka lizame. Piga hesabu mwenyewe. Siku ile nilisukuma nadhani mara thelathini, nikaruka mara tatu: dakika sita, tano, tano.

Mahamali wa Malindi wanabeba mizigo ya watu, jioni wanalipwa. Mie nimekwenda kuwa hamali Ulaya, na nimewalipa wao.

Nilipouliza, nikajibiwa kwamba hapa sote tunajitolea, hata walimu hawana mshahara. Na ni kweli, nilikuja kuthibitisha: yule aliyekuwa akinifundisha ni fundi mabomba, kachukua likizo yake. Namheshimu. Msaragambo naujua, nimekulia shamba kabla ya kuhamia mjini. Lakini msaragambo hautozi kiingilio! Mwanachama akisukuma leo, anaruka Jumamosi, anaruka mwezi ujao, anaruka mpaka azeeke. Mie nina siku tano. Jasho letu halina bei moja.

Jumatano upepo wa ubavuni tangu asubuhi, wakangoja utulie. Tumekaa kwenye majani tunatazama soksi ya upepo kama wavuvi wanaotazama bahari ya kusi. Ulitulia saa kumi na moja jioni. Mruko mmoja, dakika tano. Kusukuma kulikuwapo kama kawaida, kwa sababu ndege zote zilitolewa bandani asubuhi, na jioni zote zikarudishwa.

Alhamisi kamba ikakatika, karibu saa nzima wanaiunga. Nikaruka mmoja wa dakika tano. Halafu wa pili.

Huu wa pili lazima niueleze, maana nisipoueleza nitakuwa muongo. Tulipoachia kamba, mwalimu akanigusa bega akanionesha mbele ndege kama mwewe, anazunguka juu ya shamba la ngano lililokwishavunwa, mabawa hayatikisiki hata kidogo. Tukamfuata. Shamba tupu likipigwa na jua hewa yake inapata moto na kupanda juu, na ukiingia ndani ya hewa hiyo unainuliwa. Nililihisi makalioni kabla ya kulisikia kwenye kipima cha kupanda, ambacho kinalia kama kifaranga. Mita 350 tulipoingia, tukazunguka na yule mwewe, yeye upande huu sisi upande ule, mpaka mita 800. Mwalimu akaniachia fimbo. Uzi ukalala kushoto, nikakanyaga kulia, ukasimama. Hakuna sauti ila upepo. Dakika 21. Nilipotua dada aliniuliza mbona unalia, nikamwambia ni vumbi.

Ndiyo maana nina hasira. Kingekuwa kitu cha ovyo ningekwishasahau.

Ijumaa ikawa siku nzuri kuliko zote. Foleni ikapangwa kwa ubao, jina langu la tatu. Adhuhuri ikaingia, msikiti wa karibu ni mwendo wa nusu saa kwa gari, nikaona nisali hapo hapo nyuma ya banda. Nikamuaga mwenye ubao, akanikubalia. Nimerudi, jina langu limepelekwa mwisho. Hakukuwa na ubaya, wanasema, utaratibu ndio huo, asiyekuwepo zamu yake ikifika anapita nyuma. Nikapata mruko wangu saa tisa, dakika sita, na hapo hapo yakainuka mawingu ya radi, wakafunga kiwanja. Kozi imekwisha, asante, karibu tena.

Jumla: miruko saba kati ya ishirini. Dakika 53. Halafu "hatua ya kwanza ya kuelekea leseni"! Leseni ya Ulaya ya ndege hizi inataka mafunzo ya saa zisizopungua 15 na miruko 45. Hatua yangu hiyo ni ya kobe.

Nikaandika barua pepe, kistaarabu, nirudishiwe za miruko 13. Jibu likaja siku ya pili: fedha hazirudishwi kwa sababu ya hali ya hewa, ila miruko yako haipotei, njoo uitumie wakati wowote hadi mwisho wa msimu, mwezi wa Oktoba. Mwezi wa Oktoba! Na mtu mwenye viza ya siku 21! Nakala ya pasipoti wanayo, ukurasa wa viza wanao, waliutaka wenyewe wakati wa kujiandikisha.

Nikawaambia basi mpeni mpwa wangu, ana miaka 14, anakaa huko huko, anaweza kwenda kwa baiskeli. Wakasema miruko imeandikwa jina langu, haihamishiki, ila kijana anakaribishwa kujiunga na klabu. Kwa ada yake.

Jumamosi dada alinipeleka Wasserkuppe kunipoza. Ni mlima wa mita 950, na watu wameanza kukusanyika pale na ndege za tanga tangu 1920, kwa sababu baada ya vita vya kwanza Mkataba wa Versailles uliwabana Wajerumani kwenye ndege za injini. Nikasimama juu pale na jaketi la shemeji nikifikiri: hawa walinyimwa injini wakaruka, mie nimelipa nimenyimwa foleni.

Ninachotaka humu si pole. Nataka mtu anayeishi Ujerumani au aliyesoma sheria aniambie: tangazo likiahidi miruko ishirini ndani ya siku tano na Kiingereza, na vyote viwili havikutimizwa, nina pa kushtaki nikiwa Unguja? Tangazo nimelihifadhi, risiti ninayo, daftari la saa nimelipiga picha, tena mwandiko ni wangu. Na kama kuna mtu wa hapa aliyekwishafanya kozi hii Ulaya au Afrika Kusini akapata miruko yake yote, aje aseme alifanyaje.

NYONGEZA: Naona wawili tayari wameandika "ungenunua bodaboda". Sawa wakuu. Mwingine kauliza kwa nini sikuenda Paje kujifunza tiara la baharini kwa nusu ya bei. Ndugu yangu, hilo linakuvuta juu ya maji. Mie nilikuwa juu ya mawazo yangu yote, na mwewe pembeni.

NYONGEZA 2: Mpwa wangu kapiga simu jana usiku. Kajiunga na klabu. Anasema kasukuma mara ishirini na mbili.