Ripoti ya mwanafunzi "mtukutu" imerudishwa mara mbili, niandikeje?

Chaki_na_Vumbi: Wakuu salaam. Nafundisha darasa la pili, watoto 83, madawati ya kugombania. Kuna mtoto wa kiume, miaka minane, amenishinda. Nimeambiwa niandike ripoti ya tabia yake iende kwa afisa elimu maalumu wa wilaya. Nikaandika: "Mtukutu, hapendi kusoma, anatafuta sifa kwa wenzake." Mwalimu wa malezi kairudisha na wino mwekundu: "Haya umeyaona kwa macho gani?" Nikaandika upya: "Hatulii, hazingatii somo." Imerudi tena. Jamani, asiyetulia anaandikwaje? Inatakiwa Ijumaa.

Kobe_Mwenda_Pole: Mwalimu, huyo mtoto nilikuwa mimi. Leo nauza vipuri na hesabu hazinipigi chenga. Muache.

Mnasihi_Mstaafu: Mwalimu wa malezi hakuonei. "Mtukutu" ni hukumu, na "anatafuta sifa" ndiyo mbaya zaidi, umeingia kichwani mwa mtoto bila hodi. Andika kile ambacho kamera ingekinasa. Mfano, kutoka kwenye dawati: makalio yameacha benchi, miguu yote miwili iko chini, zaidi ya sekunde tatu, bila ruhusa. Kugeuka nyuma akiwa amekaa hakuhesabiwi. Ukifafanua hivyo, mwenzako akikaa kona nyingine dakika zilezile bila kuchungulia daftari lako, hesabu zenu zitakaribiana. Wewe 9, yeye 10: gawanya ndogo kwa kubwa, asilimia 90. Ikishuka chini ya 80, rudia maelezo yako, yana tundu.

Na "hazingatii" haipiti kipimo cha maiti. Ni cha Mmarekani Ogden Lindsley, miaka ya 1960: ambacho maiti anaweza kukifanya si tabia. Maiti hazingatii somo, tena anatulia kuliko darasa lako lote. Andika mtoto anafanya nini muda huo ambao hanakili.

Chaki_na_Vumbi: Shikamoo mzee, nimekuelewa. Ila watoto 83, nafundisha saa ngapi na kuhesabu saa ngapi?

Mama_Zamu: Punje za mahindi, dada. Jaza mfuko wa kushoto, kila akinyanyuka hamishia moja kulia, mdomo unaendelea na somo. Dakika 20 zinatosha, mradi uandike saa ya kuanza na ya kumaliza, maana mara 8 ndani ya dakika 20 si sawa na mara 8 asubuhi nzima. (Angekuwa mtoto wa kulia kulia ningekwambia upime kwa saa, kilio kimoja cha nusu saa ukikihesabu "mara moja" umejidanganya.) Andika pia nini kilitangulia na nini kilifuata. Halafu chagua mvulana mwingine asiyekusumbua, mhesabu naye kwa maharage.

Mnasihi_Mstaafu: Marahaba. Hayo maharage usiyaruke.

Chaki_na_Vumbi: Nimerudi. Siku tatu, dakika 20 za kipindi cha kabla ya mapumziko. Wa kwangu: 9, 7, 11. Wa maharage ni kiranja msaidizi, mtoto ninayemsifia kila kikao cha wazazi: 6, 8, 7. Jumanne kamzidi mtukutu! Nilihesabu punje upya nikidhani nimechanganya mifuko.

Tofauti ni wanakoelekea. Kiranja anakwenda kuchonga penseli au kuazima ufutio, na nakiri nilikuwa simwoni kabisa. Wangu, mara 27 zote kwa jumla, 19 alikwenda dirishani, na zote 19 ni wakati wa kunakili ubaoni. Kila mara nilimwita jina kwa sauti, darasa likacheka, akarudi kukaa. Ripoti imekuwa mistari sita, neno mtukutu halimo. Leo imepokelewa.

Kobe_Mwenda_Pole: Dirishani kuna nini?

Chaki_na_Vumbi: Mama wa mihogo. Saa tatu na nusu anabandika karai, harufu inaingia mpaka ofisini. Kumbe mtoto ana njaa tu!

Mnasihi_Mstaafu: Umeanza tena. Njaa umeiona kwa macho gani? Kesho muulize asubuhi amekula nini, na uandike jibu kama alivyolitamka.