Nyumba ya mirathi Kimara, dalali ananikimbiza. Nijihami vipi kisheria?

Mgeni wa Dom (mwenye uzi)

Wakuu habari za majukumu.

Kituo changu cha kazi ni Dodoma ila familia iko Dar, na tumechoka kupanga. Tumepata nyumba Kimara, vyumba vitatu, ina kisima, bei milioni 85. Muuzaji anasema nyumba ilikuwa ya marehemu baba yake na yeye ndiye msimamizi wa mirathi. Nimeonyeshwa kopi ya hati, jina ni la baba. Mama yao anaishi hapo hapo. Tulipofika alitusalimia, akaingia ndani, hakutoka tena.

Dalali anataka kishika uchumba cha milioni 20 kabla ya Ijumaa, eti kuna mteja mwingine yuko Afrika Kusini anaitaka. Anasema tuandikishane kwa mwenyekiti wa mtaa, yatosha. Shemeji yangu naye anasema wakili ni kujiongezea gharama tu. Halafu ukuta wa mbele umepauka wote, isipokuwa kipande kimoja kama cha ukubwa wa dirisha kilichopakwa rangi mpya. Sijui kama kina maana.

Naomba kuwasilisha.

Kapuku Mstaarabu

Huyo mteja wa Afrika Kusini tunamfahamu, kila nyumba inayouzwa Dar anaitaka yeye.

Mzee wa Bikoni

Mkuu, mimi ningeanza na hicho kipande cha rangi. Pita asubuhi jua likiwa upande, utazame kama kuna X nyekundu, alama ya nyumba ya kubomolewa, inachungulia chini yake. Nyumba za kando ya barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kwenda Kiluvya, zilivunjwa 2017 kwa kuwa ndani ya hifadhi ya barabara, na kipimo kilichotumika kilikuwa mita 121.5 kila upande. Hapo kuna watu walikuwa wamejenga na kuishi miaka mingi.

Tafuta mpimaji mwenye leseni, mpe namba ya kiwanja na kitalu, aje na ramani ya upimaji atafute bikoni zote, yaani alama za mipaka. Kwenye karatasi kiwanja kinaweza kuwa mita za mraba 600, uende ukutani ukute jirani kashakula kona. Na kama nyuma kuna korongo au mto, kumbuka sheria ya mazingira ya 2004, inayozuia kujenga ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto.

Wakili wa Uswazi

Ndugu mwenye uzi, usitoe hata mia kwanza.

Kopi ya hati inakuonyesha jina tu. Haisemi kama kuna rehani ya benki, zuio la mtu mwingine au amri ya mahakama. Hayo yako kwa Msajili wa Hati. Omba upekuzi rasmi kwa namba ya hati, na upeleke ombi wewe au wakili wako, si dalali. Jibu linakuja kwa maandishi.

Sasa mirathi, maana hapo ndipo penye kazi. Kijana kukuambia "mimi ni msimamizi" haitoshi. Kama shauri lilifunguliwa Mahakama ya Mwanzo, atakuwa na Fomu Namba 4, ile ya uteuzi wa msimamizi. Chukua namba ya shauri uende masjala ya mahakama hiyo ukaone jalada: hiyo fomu ni ya kweli? Uteuzi haujatenguliwa? Hakuna pingamizi? Na hata akiwa nayo, hati bado inasoma jina la marehemu. Lazima kwanza aandikishwe yeye kama msimamizi kwenye daftari la Msajili, ndipo ahamishe kwako. Wengi wanaruka hatua hii, wanabaki na mkataba mzuri na hati ya mtu aliyekufa.

Kisheria msimamizi ana mamlaka ya kuuza. Ila warithi wakija na kesi utasota mahakamani miaka, hata kama mwisho utashinda wewe. Kwa hiyo mimi huwa nataka warithi wote waridhie kwa maandishi, mjane wa kwanza. Mama aliyeingia ndani asitoke ndiye ningependa kumsikia kabla ya mwingine yeyote. Anaweza kuwa na haki yake kwenye hiyo nyumba mbali na urithi.

Mama Ntilie wa Ubungo

Kwa mwenyekiti wa mtaa nendeni, lakini mkaulize majirani na kujua kama kuna mgogoro. Muhuri wake hauhamishi umiliki. Na mkiambiwa mtoe asilimia 10 ya bei kwa ajili ya ofisi ya mtaa, ombeni waonyeshe sheria na watoe risiti. Mara nyingi mazungumzo yanaishia hapo.

Mgeni wa Dom

Asanteni sana. Kodi nani analipa? Dalali anasema yote ni ya mnunuzi.

Wakili wa Uswazi

Anakupiga. Kodi ya ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida kwa mkaazi, ni ya muuzaji, na bila cheti cha TRA (mamlaka ya mapato) uhamisho hauendi. Ushuru wa stempu, asilimia 1, kwa kawaida ni wako. Andikeni kwenye mkataba nani anabeba nini, pamoja na deni la pango la ardhi. Fomu za ardhi namba 29, 30 na 35, zile za uhamisho, msaini mbele ya wakili, na pesa ilipwe kwa awamu, kubwa ibaki hadi hati isome jina lako. Pitisheni benki, si begi.

Mgeni wa Dom

Mrejesho. Nimemwambia dalali hela ni baada ya upekuzi, kanuna. Muuzaji kanipigia mwenyewe, kakiri dada zake wawili hawajui kama nyumba inauzwa. Mmoja yuko Tabora.

Wakili wa Uswazi

Upekuzi endelea nao, si gharama kubwa. Mkataba usubiri. Dada wa Tabora asitume ujumbe wa simu, asaini ridhaa yake mbele ya wakili wa huko, akiwa na kitambulisho cha NIDA, na nakala halisi ije kwako.