Tupeane uzoefu: mwanafunzi wa dizaini anaingia field kwenye ejensi ya matangazo, aende akijua nini?

Mwenye uzi

Wakuu, msimu wa field (mafunzo kwa vitendo) umekaribia na vijana wa dizaini wanahangaika kutafuta nafasi kwenye ejensi za Dar, Arusha na Nairobi. Wiki 8 ni chache mno kumaliza 3 za mwanzo bado unashangaa nani ni nani. Naomba kila mdau aeleze kipande cha kazi anachokijua, kwa vipimo kamili, na aseme panaharibikia wapi.

Naanza na safari ya kazi yenyewe. Kwa kawaida mteja haongei na dizaina. Anaongea na mtu wa akaunti, ambaye anakaa na mpanga mkakati na kuandika brifu, yaani karatasi ya maelekezo ya kazi. Brifu inakwenda kwa jozi: mwandishi wa matangazo na mkurugenzi wa sanaa. Hao wanatafuta wazo pamoja kwa kalamu na karatasi. Mkurugenzi wa ubunifu akilikubali, ndipo dizaina anapanga kazi, mkamilishaji anaandaa faili, na produksheni inakimbizana na matbaa au studio. Trafiki ndiye mwenye ratiba ya wote, kwa hiyo ukichelewa mwambie yeye kwanza, mapema.

Jozi hiyo ina historia yake. Zamani mwandishi alimaliza maneno yake, kisha akayashusha kwa mchoraji ayapambe. Bill Bernbach, aliyeanzisha ejensi ya DDB na wenzake New York mwaka 1949, ndiye aliyewakalisha wawili hao meza moja. Kazi ya mpanga mkakati ilizaliwa London mwaka 1968, ndani ya ejensi za JWT na BMP, ili mnunuzi awe na mtu wa kumsemea kikaoni. Ukilijua hilo hutaona ajabu ukiambiwa uweke kompyuta pembeni asubuhi nzima.

Kwenye ejensi ndogo mtu mmoja anabeba vyeo vitatu. Siku ya kwanza uliza swali moja: kazi yangu inakaguliwa na nani kabla haijatoka?

Mdau wa akaunti

Niongezee kwenye brifu, maana hapo ndipo kazi nyingi zinapofia. Brifu nzuri ni ukurasa mmoja. Ina tatizo la biashara, mlengwa, ujumbe mmoja tu, sababu ya kuuamini, vitu vya lazima (nembo, namba ya simu, masharti), vipimo vyote vinavyotakiwa, bajeti na tarehe.

Chukulia unga wa sembe wa kilo 2. Brifu mbovu inaandika "walengwa: wanawake wa miaka 18 hadi 45". Hapo hujaambiwa kitu. Iliyoiva inaandika: "mama anayenunua unga wa kupima dukani kila jioni, na anaogopa mchanga". Sasa dizaina anajua achore nini, na mwandishi anajua aongee na nani.

Mdogo wangu, ukipewa brifu usikimbilie kuchora kwenye Illustrator. Iandike upya kwa sentensi tano za kwako, urudishe siku hiyohiyo uulize kama ndivyo. Kutoelewana kukigundulika hapo hakujagharimu chochote. Kukigundulika baada ya raundi ya pili ya marekebisho, kumeshakula siku tatu za watu wanne.

Maoni ya mteja yaje yakiwa yamekusanywa, kutoka kwa mtu mmoja, kwa maandishi. Raundi 2 au 3 ziandikwe kwenye makubaliano tangu mwanzo. Mteja akisema "kuza nembo", mara nyingi anamaanisha haonekani kuwa ndiye anayeongea. Kabla ya kuikuza, jaribu kuipa nafasi tupu pande zote au kuitoa kwenye kona yenye fujo. Na idhini ya kuchapa isiwe voisi ya WhatsApp. Iwe barua pepe au sahihi juu ya prufu, ile nakala ya kukagulia kabla ya kuchapa.

Majina ya faili: mteja_kazi_kipimo_lugha_v03. Neno "final" lisitumike kabisa, kwa sababu baada yake huja "final2" na matbaa hawatajua wachukue ipi.

Mdau wa matbaa

Hapa nina mengi, nivumilieni.

Kipeperushi cha A4 ni milimita 210 × 297. Faili lake liwe na blidi (rangi inayozidi mstari wa kukatia) ya milimita 3 kila upande, yaani 216 × 303, na maandishi yakae angalau milimita 5 ndani ya mstari wa kukatia. Sababu ni kisu. Kinakata rundo zima kwa mpigo, na karatasi za chini husogea kidogo. Rangi ikiishia hasa kwenye mstari, nakala kadhaa zitatoka na uzi mweupe pembeni.

Rangi ziwe CMYK, yaani wino nne za kuchapia: samawati, majenta, njano na nyeusi (K). Ile bluu kali ya kwenye skrini ikihamishwa kutoka RGB (rangi za skrini) inapoa na kuelekea zambarau, na mteja ataikataa akiiona kwenye karatasi badala ya kuiona kwenye prufu. Maandishi madogo meusi yawe K 100 peke yake. Ukiyachanganyia rangi nne, pleti (bamba za kuchapia, moja kwa kila wino) zikipishana hata kwa robo ya milimita herufi zinaota kivuli chekundu au cha bluu. Ni hivyohivyo kwa maandishi meupe madogo juu ya rangi nne: wino unaingia ndani ya herufi na kuziba matundu ya "a" na "e". Jumla ya wino sehemu moja isizidi 300%, la sivyo karatasi haikauki na inapaka mgongo wa karatasi iliyo juu yake.

Picha ziwe 300 dpi (nukta kwa kila inchi) kwa ukubwa zitakaotumika. Picha iliyotumwa WhatsApp kama picha imeshabanwa, mwambie mteja aitume kama dokumenti. Kijitabu cha kubana kwa pini kurasa zake zigawanyike kwa 4, ukiwa na 18 kuna mbili zitabaki tupu au mbili zitakatwa.

Vifungashio: barkodi ya EAN-13, ile ya tarakimu 13, ni milimita 37.29 × 25.93 pamoja na nafasi nyeupe za pembeni, na inaruhusiwa kupunguzwa hadi 80% au kukuzwa hadi 200%. Nafasi hizo za kushoto na kulia usizijaze pambo. Mistari iwe ya giza juu ya rangi nyepesi, isiwe myekundu, kwa sababu skana nyingi zinatumia taa nyekundu na mistari hiyo inapotea. Namba zinazotolewa na GS1 Tanzania, shirika la namba za barkodi, huanza na 620, za Kenya 616.

Mdau wa mwisho wa reli

Mkuu wa matbaa, na bango kubwa nalo liwe 300 dpi? Kompyuta inaganda.

Mdau wa matbaa

Hapana. Bango la mita 6 × 3 litengeneze kwa kipimo cha 1:10, yaani sentimita 60 × 30 kwa 300 dpi. Likikuzwa linabaki na 30 dpi, na kwa mtu aliye barabarani zinatosha. Ile stendi ya kuvuta ya sentimita 85 × 200 inasomwa kwa karibu, ipe 100 hadi 150. Namba ya simu usiiweke sentimita 15 za chini, hapo pana kitako na miguu ya watu.

Mdau mwandishi

Lugha isisahaulike. Programu ya kupanga kurasa ikiachwa kwenye Kiingereza inakata maneno yetu vibaya. Silabi ya Kiswahili kwa kawaida huishia na irabu: ma-te-nge-ne-zo. Ikikatwa "maten-genezo" msomaji anajikwaa. Zima ukataji kwenye vichwa vya habari, na kwenye safu nyembamba panga maandishi kushoto. Ukiyanyoosha pande zote mbili, neno kama "hawatakupunguzia" litashuka mstari na kuacha mashimo meupe.

Mipangilio mingi inachorwa kwa Kiingereza kwanza. Kitufe kilichopimwa kwa neno la herufi 4 hakiwezi kuibeba "Jiandikishe" yenye 11. Omba maneno ya Kiswahili kabla ya kuchora. Uliza pia tangazo linatoka wapi, maana vocha ya Dar ni kredo ya Nairobi.

Mdau wa vitambaa

Ejensi za pwani hupewa pia kazi za khanga za kampeni, na chuoni hazifundishwi. Khanga moja ni takriban sentimita 150 × 110, na huuzwa kwa doti. Ina pindo kuzunguka, mji katikati, na jina, yaani ule msemo, sehemu ya chini ya mji. Kila rangi ina skrini yake ya kuchapia, kwa hiyo chora rangi bapa, chache, zilizotenganishwa, bila kufifisha taratibu kutoka moja hadi nyingine. Nembo ya kampuni ikijaa mji mzima kitambaa kinaishia kuwa cha kudekia. Ikiwa ndogo ndani ya pindo, na jina likiwa na maana yake, kitavaliwa miaka.

Mdau wa kuajiri

Potifolio ya kuombea field: kazi 5 au 6 zinatosha, PDF isiyozidi MB 10. Kila kazi ionyeshe brifu, michoro ya kalamu, wazo lililokataliwa na sababu, kisha kazi yenyewe. Kazi za darasani ziandikwe kuwa za darasani. Ukichora nembo, tafuta kwanza BRELA (wakala wa usajili wa biashara Tanzania) kama haifanani na iliyosajiliwa, na fonti iwe na leseni ya matumizi ya biashara. Fonti "ya bure" mara nyingi ni bure kwa matumizi binafsi tu, na anayedaiwa baadaye ni mteja.

Mdau wa matbaa

Nimesahau moja. A4 ya kukunja mara mbili usiigawe sawasawa 99, 99, 99. Kipande kinachoingia ndani kiwe milimita 97 na vingine 100 kila kimoja, vinginevyo kinabinuka kwenye mkunjo. Na upande wa nyuma mpangilio unageuka: 97 ya kulia inakuwa ya kushoto. Chapa kwenye printa ya ofisi, ukunje kwa mkono, ndipo utume.