Wapendwa naomba ushauri: nikipiga magoti akili inatoroka

Sauti ya Tatu:
Bwana asifiwe. Mimi ni kijana, niko Busia upande wa Uganda. Nimeokoka, naimba kwaya Kanisa la Uganda. Siku hizi maombi yamenishinda. Nikipiga magoti, muda si mrefu mawazo yameshahama. Nasoma sura nzima ya Biblia na sikumbuki hata mstari. Nimefunga, nimekwenda mkesha, hali ni ileile. Mliokwisha kupita kwenye majaribu mkabaki imara, mlifanyaje? Naomba majibu kabla ya Jumatatu.

Mama Shukrani:
Pole mwanangu. Simu ndiyo adui. Mimi nilikuwa nailaza chini ya mto, ikilia tu nimeamka kusoma vikundi vya watu. Sasa inalala jikoni, nami naamka saa kumi na moja kuomba kabla watoto hawajaamka. Jaribu hilo kwanza.

Mzee wa Kanisa:
Vijana wa leo mnataka wokovu wa haraka. Soma 1 Wakorintho 10:13. Hakuna jaribu lisilo na mlango wa kutokea, ila mlango hautakufuata kitandani.

Dereva wa Malaba:
Jumatatu kuna nini?

Sauti ya Tatu:
Asante Mama, simu nitaihamisha. Dereva, ni jambo la kazi tu, halihusiani sana.

Dereva wa Malaba:
Kama halihusiani, usingeliwekea siku. Sema.

Sauti ya Tatu:
Sawa. Kuna mtu anataka tushirikiane kuzungusha pesa kwenye mukene, wale dagaa wa ziwani. Tunachukua magunia Majanji, kule mwaloni ziwani, tunauza ng'ambo, upande wa Kenya. Majuma mawili pesa imerudi na faida juu. Biashara si dhambi, hata Mithali 31 inamsifu mwanamke mfanyabiashara.

Binti Tororo:
Pesa ya nani?

Mchuuzi wa Ziwani:
Kaka, ngoja nikwambie kuhusu mukene. Dagaa wale wanaanikwa juani, na huu ni mwezi wa Mei, mvua haijaaga. Mimi nilinunua mzigo jioni umekauka vizuri, usiku ikanyesha, turubai likavuja. Kulipokucha wameanza kunuka. Mzigo wa chakula cha watu ukageuka wa chakula cha kuku, na wenye kiwanda cha chakula cha kuku wakijua umebanwa wanakupa bei ya huruma. Deni lile lilinifanya niwe nazunguka nyuma ya soko nisionane na mtu. Hayo majuma mawili unayoahidiwa hesabu ni mawili ya jua.

Binti Tororo:
Mchuuzi pole, lakini mleta uzi hajajibu. Pesa ya nani?

Sauti ya Tatu:
Ni ya kwaya. Tarehe 3 Juni tunakwenda Namugongo kwenye siku ya Mashahidi wa Uganda, watu wamechanga nauli ya basi na sare. Shilingi 2,800,000, ziko kwenye laini yangu kwa sababu mimi ndiye mweka hazina. Naomba mnielewe, sijagusa hata moja. Basi linalipwa mwisho wa mwezi. Kwa sasa pesa imelala tu. Ingerudi yote, na faida ningetoa sehemu kwa sare za wasiojiweza. Nimeshamwambia mwenzangu Jumatatu naitoa, kurudi nyuma itakuwa aibu.

Mzee wa Kanisa:
Yohana 12:6. Yuda naye alishika mfuko.

Binti Tororo:
Kwa hiyo akili haitoroki kwenye maombi. Inakwenda Majanji. Kila ukifumba macho unakutana na jambo ambalo hutaki Mungu akuulize. Kufunga hakutasaidia kama unafunga huku umeshapanga siku ya kutoa pesa.

Boda wa Jinja:
Nipeni mimi niilinde, nitaimba hata sauti ya kwanza 😂

Msema Kweli:
Samahani, hii ni chai. Kwaya gani ya Busia inachanga milioni mbili na laki nane halafu inampa kijana mmoja simuni? Kesho atasema pesa imepotea, tumchangie. Nimeona nyuzi za namna hii, mwisho wake ni namba ya kutuma pesa.

Mama Shukrani:
Hata mimi nimeanza kushtuka. Kijana, wewe ni nani?

Mchuuzi wa Ziwani:
Sare peke yake inaweza kufika hapo, kitenge si bure. Na vikundi vingi vinaweka kwa mtu mmoja. Ndiyo maana zinaliwa.

Sauti ya Tatu:
Sijaomba senti ya mtu na sitaomba. Msema Kweli, ukiona namba yangu hapa, niite tapeli.

Msema Kweli:
Haya. Basi kwa nini hujamwambia mwalimu wa kwaya? Mtu wa kweli angekuwa ameshamwambia.

Sauti ya Tatu:
Mwalimu wa kwaya ndiye anayetaka tuzungushe.

Dereva wa Malaba:
Hapo sasa.

Sauti ya Tatu:
Ndiye aliyenifundisha kuimba, ndiye aliyenileta kanisani. Anasema yeye anabeba lawama. Nikimkatalia atasema simwamini. Na kweli, mtu wa namna hiyo anaweza kunipeleka pabaya?

Mlokole wa Zamani:
Mwanangu, fikiri mnakokwenda. Waliochomwa Namugongo tarehe 3 Juni 1886, wengi wao walikuwa vijana watumishi wa Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda. Walikula kwake, walilelewa ikulu. Agizo la kuacha imani halikutoka kwa mgeni, lilitoka kwa yule waliyezoea kumtii. Mwalimu wako si Mwanga, wala sitaki umchukie. Lakini huwezi kupanda basi kwenda kuwaheshimu wale vijana huku hukuweza kumwambia mkubwa wako neno moja la hapana.

Sisi walokole tulifundishwa kutembea nuruni: jambo unalisema kwa wenzako lingali wazo, lisingoje kuwa tendo. Mwambie mwenyekiti.

Binti Tororo:
Na ombeni pesa itoke kwenye laini ya mtu mmoja. Kikundi chetu cha akiba kina sanduku la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti. Hakuna anayesema hatuaminiani. Namba ya siri inayojulikana na mtu mmoja inamwacha mtu huyo peke yake na jaribu usiku kucha.

Mzee wa Kanisa:
Yusufu hakukaa kujadiliana na mke wa Potifa. Alikimbia, vazi likabaki.

Sauti ya Tatu:
Nimesoma yote. Nitaongea na mwenyekiti Jumapili baada ya mazoezi, nikipata nafasi.

Dereva wa Malaba:
Jumapili mwalimu atakuwepo, na hiyo nafasi hutaipata. Leo Ijumaa. Mpigie sasa hivi, na basi lilipwe kesho asubuhi mkiwa wawili.

Sauti ya Tatu:
Simu yake inaita.