Jibu kwa dada aliyehamia Stockholm: wikiendi na sikukuu na watoto

Dada habari za huko, na shemeji mpe pole na hizo zamu za usiku. Nimesoma kwamba Jumamosi watoto wanashinda kwenye tableti na nyie hamtoki kwa sababu hamna mwenyeji wa kuwaalika. Hapo kwenye kualikwa ndio pa kuanzia. Hapa Uswidi ukisubiri mtu akukaribishe kwake utasubiri mpaka basi, na siyo kwamba Waswidi wanawachukia, kutembeleana kwao ni mpaka mpange wiki kadhaa kabla, ila sherehe zao kubwa kadhaa ziko nje uwanjani na hazina mlango, nyie nendeni tu.

Valborg ni tarehe 30 Aprili jioni, wanawasha moto mkubwa na kwaya inaimba kukaribisha majira ya machipuko, japo kwa ngozi zetu bado ni baridi tu kwahiyo vaeni makoti. Midsommar, sikukuu ya katikati ya kiangazi, ndio yenyewe sasa, mkesha wake ni Ijumaa inayoangukia kati ya tarehe 19 na 25 Juni, wanasimamisha mlingoti umevikwa majani na maua halafu watu wazima kabisa, wengine mvi kichwa kizima, wanauzunguka wakiruka kichura na viganja wameviweka pembeni ya kichwa eti kuonyesha masikio ambayo chura hana. Watoto watacheka mbavu ziume na dakika mbili mbele nao wako ndani ya duara. Skansen, ile makumbusho ya wazi pale kisiwa cha Djurgården, wanafanya kubwa lakini kuna kiingilio, mimi napenda zaidi zile za mitaani, nyingi ni bure. Mahitaji nunueni Alhamisi, maana Ijumaa hiyo maduka mengi yanafunga mapema na mji unabaki mtupu utadhani watu wamehamishwa.

Lucia, tarehe 13 Desemba, itawajia yenyewe kupitia shule. Mtaletewa meseji mtoto avae kanzu nyeupe na mkanda mwekundu, au nguo nyekundu za tomte, yule kibete wa Krismasi, au hata awe biskuti ya tangawizi (kweli kabisa, kuna vazi lake la kahawia), na wazazi mnaitwa asubuhi giza bado limetanda kuwasikiliza wakiimba na mishumaa ya betri. Kuna familia za Kiislamu zinajiuliza kama ni ibada, jina ni la mtakatifu ndiyo, ila shuleni zaidi ni nyimbo na mwanga, muulizeni mwalimu kisha muamue wenyewe, hakuna wa kuwalaumu.

Wikiendi za kawaida ni msitu dada. Kuna haki inaitwa allemansrätten, kila mtu anaruhusiwa kutembea porini hata kama ardhi ni ya mtu, mnachuma matunda ya mwituni na uyoga, hata kupiga hema usiku mmoja, mradi msisogelee nyumba za watu, msikanyage mazao, msivunje matawi na msiache taka. Hifadhi za taifa kama Tyresta zina masharti yake, someni kibao pale pa kuingilia. Uyoga usioujua kwa uhakika usiuguse kabisa. Shemeji kama anapenda kuvua, kwa ndoano ziwa Mälaren na baharini hahitaji kibali, na hata pale katikati ya mji karibu na ikulu utakuta wazee wametupa nyuzi. Nyama choma inawezekana ila kiangazi kikikauka wanatangaza marufuku ya kuwasha moto, angalieni kwanza kabla hamjabeba mkaa. Na kupe!! Hili wengi wetu tunalidharau sababu kule nyumbani kupe tunamjua wa ng'ombe. Hapa anaambukiza watu magonjwa, mojawapo linashambulia ubongo na lina chanjo, kwahiyo mkirudi mkagueni mtoto kwapani, nyuma ya magoti na kwenye nywele, na ulizeni kituo cha afya habari ya hiyo chanjo. Mabuti na maovaroli ya mvua tafuteni ya mitumba, watoto wanakua haraka mno kununua mapya.

Halafu birthday za shuleni. Kadi ikisema 14 hadi 16 basi mlete saa nane kamili na mfuate saa kumi kamili, aliyealikwa ni huyo mmoja, siyo na wadogo zake na binamu. Ule mchezo wa watoto kutupa ndoano juu ya shuka na upande wa pili mzazi amejificha anafunga kipakti cha pipi usiukose kuutazama.

Za kwetu sasa. Idi, Pasaka, kipaimara, arusi, fanyeni bila aibu ila kwa utaratibu wa hapa. Kama ni kwenye apatimenti bandika karatasi mlangoni pa ngazi siku chache kabla, andika tarehe na namba ya simu, na muziki ushuke ikifika saa nne usiku, la sivyo jirani atalalamika kwa wenye jengo kabla hajagonga kwako. Mwalikeni na yeye, ila mkimwambia saa tisa atafika saa tisa na atakukuta bado umejifunga kanga jikoni. Michango tunakusanya kwa Swish, ile programu ya kutumiana pesa kwa simu, nyie ambao namba ya utambulisho haijatoka hamtaweza kuwa nayo, kwahiyo mweka hazina awe mwenyeji.

Idi ikiangukia siku ya shule msimzuie mtoto nyumbani kimyakimya, ataandikwa mtoro. Ombeni ruhusa mapema kwa mwalimu, ruhusa fupi kwa mambo binafsi sheria inaikubali, ila mkuu wa shule ndiye mwenye uamuzi, kwahiyo tumeni ombi hata kama mwezi haujaandama na mtaje siku zote mbili zinazowezekana.